Maji ya Mlimau wa Mama

Kaka yangu mpenzi,

Huku tuko salama. Paa la jikoni limezibwa, na paka amezaa ndani ya kabati lako la nguo.

Uliniagiza niukate mlimau wa Mama kwa kuwa umekauka. Sitaukata. Nilimwita bwana shamba, akachimba karibu na shina, akaunusa udongo. "Huu haufi kwa kiu, dada," akasema. "Mizizi imeoza kwa maji. Nani anaumwagilia?"

Kesho yake nilikaa nikamtazama Mama. Alipeleka ndoo mara tisa, na kila mara aliniambia, "Maskini, leo hakuna aliyeukumbuka."

Sasa tumechimba mfereji mbali na shina, chini ya ncha za matawi, maana huko ndiko mizizi inakonywea. Tunamwagilia mara moja kwa wiki, polepole, mpaka maji yazame chini kabisa. Lakini ndoo sikumnyang'anya Mama. Nimepanda vichaka sita vya maua kando ya ua, kila kimoja kina siku yake, na tunakwenda pamoja. Mlimau umeanza kuchipua.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta mahali pa kumpeleka Mama. Cherehani yangu nimeihamisha kutoka dukani, nashonea barazani, namwona. Wewe njoo tu, na usikawie. Jina langu limeshamtoka, lakini lako bado analitaja.

Ni mimi, dada yako.