Mtani Wangu Aliniomboleza Mapema

Jumatano, wodini

Basi moyo ukasimama. Andika hivyo hivyo mkwe wangu, usipambe. Nimekuja kupasuliwa ngiri, moyo ulikuwa mzima kabisa, lakini ile dawa ya usingizi ikaulaza na wenyewe. Wakanibonyeza kifua mpaka ukaamka. Mbavu zinaniuma, na ngiri yenyewe hawajaigusa.

Huko nyumbani Masanze habari ikafika nusu: bibi kafa. Mtani wangu Mama Hadija, Mnyamwezi yule ambaye babu zake waliletwa kulima mkonge, akaja mbio kufanya utani wa msiba. Akavaa gauni langu la kanisani, akawa anatembea kama mimi na kugomba kama mimi, watu wanalia huku wanacheka. Na jogoo wangu akamchinja! Jana kaja kuniona, gauni analo mwilini.

Nikamwambia, "Nirudishie jogoo wangu."

"Nani kakutuma ufufuke? Nyama imeshaliwa."

Nilicheka, mbavu zikanikomesha. Alipoondoka nikajishika kifua, nikasikiliza kama moyo bado unadunda. Naogopa, mwanangu. Daktari anasema leo wananirudisha chumba cha upasuaji, dawa ile hawaigusi tena, watanichoma ganzi ya mgongoni, nitakuwa macho. Sasa nikiwa macho si nitausikia ukisimama? Na huyo Mama Hadija, nilivyomwona jana, ameshaanza kuwatamani bata wangu...

"Shikamoo bibi. Daktari anakusubiri."

Marahaba, nesi. Taratibu, mwanangu, nishike mkono. Nakuja.