Maji mdomoni kwenye theluji

Jumanne, Januari

Mtihani wa mbio ni keshokutwa, na bado sijui kama nimemsaidia binti yangu au nimemharibia. Biira akishindwa tena, chuo cha kijeshi kitamrudisha nyumbani. Huko ng'ambo wanakimbia kwenye theluji, na akivuta pumzi kwa mdomo, baridi inambana kifua.

Nimempa dawa niliyowapa makuruti wangu kambini: kimbia na maji mdomoni, usiyameze wala usiyateme. Pumzi itajua yenyewe kupita puani. Mtaalamu wa theluji mimi, ambaye nimeiona tu juu kule Rwenzori, nimekaa zangu hapa Bwera.

Asubuhi nikajaribu mwenyewe. Mtu wa boda akapunguza mwendo. "Afande, nani anakufukuza?" Nikacheka, maji yote yakaishia kwenye shati.

Jioni Biira akapiga simu. "Baba, wenzangu wanaona mashavu yamejaa, wanauliza ni jino gani inaniuma."

"Na kifua?"

"Kifua leo iko sawa. Nimepita wawili."

"Wawili tu?"

"Baba, hao wawili walizaliwa kwenye hii theluji."