Feni Ilikuwa Inazunguka

Mjukuu wangu Halima,

Huku Nachingwea hatujambo, bibi yako anakohoa kidogo tu. Umeuliza kwa nini mwalimu wenu anataka mpime kwanza soketi yenye umeme ndipo muiamini mita ya kupimia nyaya.

Miaka ya tisini, mimi na fundi mwenzangu Saidi tuliitwa kutengeneza mota kwenye mashine ya kusaga. Mama mmoja akaja na mawe ya redio, yaani betri, aliyoyaanika juani, tumpimie kama yamepata nguvu. Saidi akampimia. Kisha akazima swichi ya mashine, akapima nyaya za mota. Sifuri.

"Hakuna moto," akasema, akanyoosha mkono azishike nyaya.

Nikamwambia, "Pima kwanza soketi ya feni."

Akapima. Sifuri tena, na feni inazunguka. Mita alikuwa ameiacha upande wa betri. Akaigeuza upande wa umeme wa nyumba, akarudi kwenye mota. Volti mia mbili na ushee. Swichi ile ilikuwa mbovu.

Saidi akakaa juu ya gunia la mahindi.

Siku hizi analima korosho Chinongwe. Juzi tulikutana msibani, akanipa mkono. Nilichelewa kuuachia.

Babu yako