Kiyoyozi cha Gari la Meneja

Lushoto,
wakati wa baridi

Mke wangu mpenzi, Mama Tito,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na watoto. Hali yenu ikoje huko? Kikohozi cha Tito kimeisha? Na mama mkwe, goti lake linamruhusu kwenda shamba? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia, na sababu nitakueleza. Barua hii sikuitia posta. Nimemkabidhi sista mmoja wa misheni ya Rangwi anayesafiri kwenda huko kwetu Songea, akuwekee mkononi mwako. Ukimaliza kuisoma usimpe mtu mwingine.

Unakumbuka nilikwambia kwamba shirika la mbao lilinitoa kwenye lori la magogo kule Shume, likanipa gari la meneja. Ni gari dogo jeusi lililoletwa kutoka Dar, lina kiyoyozi, yaani mashine ya kupuliza hewa ya baridi ndani. Hapa Lushoto watu walicheka. Huku asubuhi tunavaa masweta mawilimawili na ukungu unaingia hadi jikoni, nani anahitaji baridi ya kuongezea? Lakini meneja huenda Tanga mara kwa mara, na ukishashuka Mombo, joto la kule chini kwenye mikonge linakukaba koo. Yeye hufunga vioo vyote, anawasha baridi yake, anasoma gazeti. Hapendi vumbi limguse. Si mtu mbaya, nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Nilipougua homa alikuja mwenyewe chumbani kwangu na chupa ya chai.

Kiyoyozi kilikufa tulipokuwa tumepita Korogwe. Kilinguruma kama mtu anayesaga mawe, ikaja harufu ya mpira unaoungua, halafu upepo ukawa wa moto. Tulifika Tanga shati la meneja limelowa lote. Tukaenda gereji kubwa. Fundi mkuu akafungua boneti, akaishika kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya baridi, akasema imekwisha.

"Mpya inaagizwa Ulaya," alisema. "Mwombe kibali cha fedha za kigeni. Mkijaliwa, labda mwakani."

"Na bei?"

Akaitaja. Ilizidi mshahara wangu wa mwaka mzima, na hapo kazi ya kuifunga bado. Tulipotoka nje meneja akaniambia, "Tafuta mtu."

Mtu akapatikana, uchochoroni nyuma ya soko. Huyo alikuwa na kompresa aliyoitoa kwenye gari lililopinduka, tena la aina nyingine. Mabomba yake yalikuwa manene, hayakupita kwenye matundu ya zamani, kwa hiyo akatoboa upya ule ukuta wa bati unaotenga injini na mahali tunapokaa. Tundu likawa kubwa kuliko bomba. Akalishindilia matambara. Nikamuuliza, "Hivi ndivyo itakavyobaki?" Akanijibu, "Dereva, wewe unataka baridi au unataka urembo?" Alipowasha, baridi ikaja. Meneja alicheka kama mtoto, akamlipa papo hapo kutoka mfukoni mwake, maana shirika lilikataa.

Tangu siku ile, Mama Tito, gari lile likawa linatuumiza. Kila safari ndefu nilirudi na kichwa kinachogonga. Mke wa meneja alitapika njiani, wakadhani ni mimba, haikuwa mimba. Karani mmoja tuliyempa lifti alishuka Soni akiyumba kama mlevi, na mtu yule hajawahi kuonja pombe. Hapa mjini wakaanza kunong'ona kwamba gari limetegewa uchawi. Mama mwenye nyumba yangu aliacha kuweka kikapu chake ndani ya gari hata lilipokuwa limesimama uani. Mimi nilikuwa nasikia harufu ndogo, kama ya taa ya mafuta iliyozimwa karibu na pua. Nikamwambia meneja.

"Unataka turudi tena gereji?" aliniuliza. "Unajua limenigharimu kiasi gani?"

"Basi tufungue vioo, bwana."

"Nimelipia baridi, halafu nifungue vioo?"

Nikaenda kupangusa vioo.

Sasa sikiliza. Meneja ana mama yake mzazi kule Mlalo, bibi mwembamba, mwimba kwaya wa zamani kanisani kwao. Ndiye aliyenifundisha salamu ya Kisambaa ya asubuhi, "onga makeo", akanicheka mpaka nikaisema sawa. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, kwa hiyo tukampeleka Tanga kwa daktari. Kushuka hakukuwa na shida, tulisafiri alfajiri na baridi ya Mungu ilitosha. Shida ilikuwa kurudi. Jua lilikuwa kali, kiyoyozi kinavuma, vioo vimefungwa. Pale Mombo tulipoanza kupanda mlima tukakuta lori tupu la mbao linajikokota mbele yetu, na barabara ile unaijua kutokana na barua zangu: upande mmoja jabali, upande mwingine korongo, hakuna pa kulipita. Tukapanda kwa gia namba moja, kona baada ya kona.

Bibi akasema kutoka nyuma, "Mwanangu, nifungulie dirisha. Nataka hewa ya nyumbani."

"Moshi wa lori, mama," meneja akamjibu kwa upole. "Utakohoa. Lala kidogo, tunakaribia."

Akalala.

Kichwa changu kikaanza kuvuma. Nikaona kona mbili mahali penye kona moja. Mikono ilikuwa kwenye usukani lakini sikuihisi. Nikasikia sauti ya maji, nikajua ni maporomoko ya Soni, nikavuta breki ya mkono katikati ya barabara, nikafungua mlango, nikaanguka chini kwenye kokoto. Meneja alitoka kwa magoti, anatapika. Wanawake waliokuwa wanauza matunda wakaja mbio, wakamtoa bibi, wakamlaza kwenye kanga zao. Waliita jina lake, wakampepea. Midomo yake ilikuwa myekundu, kama ya mtu mwenye afya. Hakuamka.

Mganga wa zamu hapa hospitali alimtazama sana, halafu akanigeukia mimi. "Na wewe kichwa kinauma? Vioo vilikuwa vimefungwa?" Nikasema ndiyo. Akasema ni moshi wa injini. Baadaye nililala chini ya gari nikaona bomba la moshi limepasuka, karibu kabisa na lile tundu, na matambara ya fundi yamekuwa meusi kama masizi ya chungu. Mashine ya baridi ilikuwa inatuvutia moshi ule ndani, na sisi tumejifungia nao.

Tulimzika Mlalo. Meneja hakuficha. Alisimama mbele ya ndugu zake, akasema mama aliomba dirisha na yeye akamnyima. Kaka yake mkubwa aliondoka pale kaburini bila kumpa mkono. Sasa meneja yuko kwao, amefunga mlango, haendi kazini.

Ningependa iishie hapo. Wiki iliyopita makao makuu wakaagiza gari lirudi Dar, apewe mkubwa mwingine. Nikamwambia anayekaimu umeneja kwamba gari lile limeua, lisitembee kabla bomba halijachomelewa na tundu halijazibwa. Akasema fungu la matengenezo limekwisha, na kwamba huko Dar watajua wenyewe. Akaja dereva kijana, mchangamfu, anaitwa Rajabu. Nikamweleza yote, nikamwonyesha tundu. Akasema, "Kaka, joto la Dar hulijui wewe. Nitavumilia kichwa."

Alipoingia ofisini kusaini, nilifungua boneti nikaukata mkanda wa kompresa kwa kisu. Ule mmoja tu, wa kiyoyozi. Nikafunga boneti.

Jioni ile ile Rajabu alipiga simu kutoka Korogwe, kisha kesho yake kutoka Dar, akiwa mkali kweli kweli. Amesafiri vioo wazi njia nzima, amekula vumbi, nani amekata mkanda? Mama Tito, karani wa ofisi aliyepokea simu aliponisimulia ukali ule nilitoka nje nikakaa kwenye gogo, nikashukuru. Maiti haipigi simu.

Lakini mwenyekiti wa tawi la chama hapa kazini ameniita mbele ya kamati keshokutwa. Neno lililoandikwa ni hujuma. Jana polisi mmoja alikuja kumuuliza mama mwenye nyumba kama nina kisu. Wenzangu wa lori, niliokula nao ugali miaka yote hii, leo wamehamia benchi jingine. Nitasema ukweli, maana jingine la kusema sina. Kuhusu safari yenu ya kuja huku, subiri kwanza. Usiuze mbuzi, usiwaage watu. Ukisikia kimya changu kimezidi, mwone padre, yeye atajua pa kuandika.

Nisalimie mama yangu mzazi, shikamoo zake nyingi. Msalimie kaka yangu mkubwa, mwambie asije huku hata akisikia nini, abaki na ninyi. Mama mkwe, na shemeji fundi cherehani, wote. Tito mwambie baba anamkumbuka kila asubuhi.

Ni mimi mume wako akupendaye,

Gaudensi, Baba Tito