Kizingiti cha Kituo cha Tatu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na ule mgongo wako uwe umekwisha kukusamehe. Sisi huku hatujambo, ukiondoa goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na mimi, ambaye tangu wiki iliyopita napigilia misumari upande usio wake. Soma hadi mwisho ndipo ukasirike. Ukianza mapema utachoka bure.

Huenda umesikia kwamba parokia yetu inakwenda hija. Tutatembea kwa miguu siku nne hadi kanisa la mlimani, watu ishirini na watatu, tukilala vituo vitatu njiani kwa Wakristo wenzetu. Mimi nimefanywa katibu. Usidhani ni utakatifu. Mwenyekiti wa kamati, yule mwalimu mkuu mstaafu tunayemwita Ajenda, alisema fundi viatu ndiye pekee anayejua nani atafika na nani atabebwa. Hapo hakukosea, soli haidanganyi. Mzee mmoja wa kwaya anajigamba kuwa hutembea kila alfajiri, na soli zake hazina hata mkwaruzo.

Kazi yangu ilikuwa kutangulia na kuomba malazi. Ajenda anataka kila kituo kitoe barua ya kukubali, isomwe kanisani mbele ya wote, ndipo tuondoke. Kituo cha kwanza ni kwa wafinyanzi. Walinikaribisha vizuri, ila wakauliza kama mahujaji wetu hurusha mateke usingizini, maana tutalala katikati ya vyungu. Niliwaambia wengi ni wazee, watakachovunja ni kimya tu. Kituo cha pili ni kwa wapasua kokoto. Mama mmoja mwenye mikono migumu kuliko nyundo yangu alisema watatupa banda lao, mradi tusiwahubirie, kwani wao walianza kusali kabla padri wetu hajaota meno. Tuje tuimbe nao, basi. Kisha akanitazama miguuni, akauliza mbona fundi mwenyewe kavaa vilivyopasuka. Nikaificha miguu nyuma ya baiskeli yangu.

Kituo cha tatu ni kwako.

Dada, nilifika. Nilisimama nyuma ya ua wako nikakuona ukianika nguo huku ukimgombeza mbuzi kwa sauti ile ile ya Mama, na mbuzi akanywea kama nilivyokuwa nikinywea mimi. Wewe ndiye kiongozi wa jumuiya hapo, kwa hiyo barua ilipaswa kutoka mkononi mwako. Nikakumbuka siku ile Mama alipoapa mbele ya ukoo mzima kwamba mguu wake hautavuka kizingiti chako, kisa umeolewa na mgane aliyekuzidi miaka ishirini. Nawe ukamjibu kwamba kizingiti chako hakijamwita. Mwaka wa tisa huu. Na Mama ni wa nne kwenye orodha ya mahujaji. Nikageuza baiskeli.

Sasa niungame, maana kwa padri nimeshindwa. Barua ya kituo cha tatu niliiandika mwenyewe, hapa mezani, katikati ya gundi na misumari. Niliiandika kama ungeandika wewe: karibuni, tafadhali, nyumba ni ndogo lakini haijawahi kumsukuma mtu nje. Ajenda aliisoma Jumapili, watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Aliomba isomwe tena.

Tunafika kwako Ijumaa ijayo jioni, na huko kwenu hakuna hata mmoja anayejua. Nikisema kweli, hija inavunjika. Nikinyamaza, wazee hawa watasimama nje ya ua wako na vumbi la siku tatu, Mama akiwa mbele yao.

Jana Mama aliniletea viatu vyake vya kanisani nivitie soli mpya. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akatazama barabarani. Akasema barua ile ilikuwa nzuri, ila binti yake asingeandika tafadhali mara tatu. Miaka tisa sijamsikia akitamka neno binti. Nilijichoma kidole kwa sindano ya kushonea viatu. Nikangoja anigombeze, lakini aliuliza tu kizingiti cha nyumba hiyo kina kimo gani, kwa sababu goti lake halipandi juu.

Mimi niliishia nyuma ya ua, sikukiona. Kipime, dada, uniandikie kabla ya Jumatano. Ukiandika namba peke yake nitaelewa. Usipoandika nitaelewa pia, nami nitasimama mbele ya kanisa niseme nilichofanya. Soli za Mama nimekwisha kuzibandika. Nimezifanya nene kidogo.

Msalimie sana shemeji, uwabusu watoto ambao sijawaona, na yule mbuzi mwambie nilimwonea huruma.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfundisha kufunga kamba za viatu,
Fundi