Moto wa Mapapai

Rhamu, Mandera
Jumamosi, 14 Februari

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nikiwa mzima wa mwili, na matumaini yangu ni kwamba goti lako limetulia na unapanda kile kilima cha kanisani bila kusimama njiani. Msalimie ndugu yangu Martin na mkewe na watoto. Huku jua ni kali, lakini kisima cha shule bado kina maji, na mimi sijaugua tangu Krismasi.

Barua hii nimempa mkononi mwalimu mwenzangu, Bridget, anayekuja Mwingi kumwona mgonjwa wao. Nimemwomba akupe wewe mwenyewe, na wewe nakuomba usimpe Martin akusomee. Najua unasoma polepole, kwa hiyo nimeandika kwa herufi kubwa. Ningekupigia simu, lakini mara tatu nimeanza kulisema jambo hili na mara zote nimeishia kukuuliza habari za ng'ombe.

Nikueleze kwanza habari za rafiki yangu Abdijabar. Ana shamba kando ya mto Daua, la vitunguu, mapapai na ndizi. Binti yake Ilhan yuko Kidato cha Tatu, namfundisha kemia. Mkewe, Saynab, ameniletea mikate yao ya anjera na maziwa ya ngamia tangu wiki yangu ya kwanza hapa, miaka minne iliyopita, na mwezi wa Ramadhani hukataa kabisa nijipikie. Kwa nini wananitunza hivyo nitafika huko.

Mwezi wa kwanza barabara ilifungwa kwa sababu za usalama. Malori ya kununua matunda hayakuja, na ya petroli hayakuja pia. Chupa za petroli zikaisha madukani, na pampu za mashambani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nilimkuta Abdijabar amekalia pampu yake kama mtu aliyekalia kiti. Alikuwa ameuza ngamia wake wa mwisho ili alime vitunguu vile.

"Mwalimu," akaniambia, "maji naona kwa macho, na kitunguu inakufa."

Nyuma yake kulikuwa na rundo la mapapai na ndizi zilizooza, nyuki wamelifunika. Mwaitu, harufu ile niliitambua kabla sijageuka. Nikamwambia matunda yale yanaweza kuendesha pampu. Akauliza kama nazungumzia pombe. Nikasema ni spiriti, ya kunywewa na injini, si mtu. Akasema hatagusa kitu mpaka amuulize sheikh.

Sheikh aliuliza maswali mengi. Mwisho akakubali kwa masharti: asionje mtu, petroli kidogo iliyobaki itiwe humo mara tu spiriti inapotona ili isinyweke, na siku barabara ikifunguliwa mtambo uvunjwe. Chifu naye aliambiwa. Akaja, akatazama kijiko kimoja kikiwaka moto wa buluu, akasema maadamu kinanuka petroli yeye hana neno.

Mtambo niliuunda mwenyewe. Pipa la mafuta ya kupikia, mrija wa shaba tuliouchomoa kwenye friji mbovu ya Awil, shemeji yake Abdijabar, na nusu pipa la maji ya mto la kupoza mvuke. Siku ya kwanza nilifuata kitabu. Moto ukawa mkubwa, kangara, yale matunda yaliyopondwa yakachacha, ikafoka ikaingia mrijani, mvuke ukavuja kila upande. Nilichopata ni maji machafu yaliyozima kiberiti. Wenye mashamba jirani walicheka mpaka wakakaa chini.

Siku ya pili kitabu nilikiacha nyumbani. Nikapunguza kuni zikabaki vijiti viwili. Nikakanda unga na majivu nikaziba kifuniko pande zote. Matone ya kwanza nikayamwaga mchangani. Nikaweka sikio karibu na pipa, nikasikiliza mchemko, nikajua wakati wa kuvuta kuni nje. Spiriti iliyotoka nikaipika mara ya pili. Nilipoiwasha kijikoni, iliwaka yote, kijiko kikabaki kikavu. Kabureta nikaitoboa tundu lake likawa pana kidogo, na siku ya nne pampu ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, halafu ikanguruma. Maji yakapanda. Abdijabar aliingia kwenye mfereji na viatu vyake, akasimama humo. Kwa siku kumi shamba lilinyweshwa kwa matunda yaliyooza, mpaka malori yakaja. Vitunguu vilipona, na mtambo tukauvunja kama tulivyoahidi.

Wakati tunauvunja ndipo Abdijabar aliponiuliza. "Hii mkono si ya kitabu. Nani alikufundisha?"

Nikamjibu kwamba nilifundishwa chuo kikuu.

Wewe unajua ni nani aliyenifundisha. Ni mimi niliyekuwa nikikuchotea maji ya kupoza mrija kule korongoni alfajiri kabla ya shule. Ulinionyesha namna ya kusikiliza pipa, na ukaniapisha nisionje hata siku moja. Chang'aa ile uliyokuwa ukipika na kuuza kwa siri ndiyo iliyonisomesha. Nilipokuwa Kidato cha Tatu walikukamata, ukafungwa miezi sita. Siku ya wazazi shuleni, wenzangu wakaniuliza mama yangu yuko wapi. Nikawaambia umekufa.

Haikuniponyoka, Mwaitu. Nilisema kwa utulivu, nikataja na ugonjwa. Ulipotoka gerezani hukuniuliza kwa nini sikuja kukuona hata mara moja. Uliniuliza kama nimekula. Mimi nikarudi shule na uongo wangu, nikaingia nao chuoni, nikaja nao kazini. Wiki yangu ya kwanza hapa Saynab aliniuliza habari za mama, nami nikamjibu lile lile. Kwa hiyo katika nyumba yao mimi ni yatima. Anjera zile na maziwa yale ni ya yatima.

Jumapili iliyopita Abdijabar alichinja mbuzi. Nilidhani ni shukrani ya shamba. Tulipokaa mkekani, akawaambia watu kwamba mbuzi huyu ni sadaka kwa ajili ya mama wa mwalimu, ambaye hakuishi akaona mwanawe amefanya nini. Sheikh akainua mikono, wote wakainua mikono. Na mimi nikainua yangu. Kisha nikala.

Bado tunakula, simu yangu ikalia. Ilhan alikuwa amepita na maji ya kunawa, akaiokota mkekani anipe. "Mwalimu, Mama anapiga."

Ulikuwa wewe. Ndiyo siku ile ulipotaka kunieleza kwamba ng'ombe amezaa. Nikamwambia Ilhan huyo ni mama wa hoteli anayeniuzia chai, nikaikata. Lakini simu yangu huonyesha picha yako, ile ya kilemba cheupe cha kanisani, umenishika bega mlangoni kwetu. Mtoto alitazama picha, akanitazama uso. Tunafanana sana, mimi na wewe. Akachukua birika lake akaondoka.

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda shambani nikamweleza Abdijabar yote: korongo, ada ya shule, gereza, na uongo. Niliogopa kwamba chang'aa ndiyo itakayomchukiza. Yeye aliuliza jambo moja tu, kama wewe unajua kwamba nimekuua. Nikasema hujui. Akaenda kufunga maji, akarudi akipangusa mikono kwenye kikoi.

"Pombe mimi sitaki, na hiyo kazi yake siwezi kusifu," alisema. "Lakini hii shamba imepona na mkono ya huyo mama. Mwambie. Ukishamwambia, rudi."

Tangu siku hiyo sijaenda kwao, na maziwa hayajaletwa. Darasani Ilhan hujibu maswali yangu akitazama daftari.

Basi nimekwambia. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikija nyumbani Krismasi na sukari na leso, nikikaa jikoni na mtu ambaye nilishamzika. Sina la kujitetea. Nilikuwa mtoto siku ya kwanza, lakini Jumapili iliyopita nilikuwa mtu mzima mwenye miaka thelathini na mitatu. Kama utakubali kuja huku likizo ya Aprili, nitakupokea Garissa, nikulete mpaka mkekani kwa watu hawa na kusema huyu ndiye. Kama hutaki kuniona, mwambie Bridget kwa mdomo, atanifikishia.

Asubuhi hii, nikiwa naandika, Ilhan amekuja langoni. Hakuingia. Amesema mama yake ananiuliza jina lako, kwa sababu dua ile waliomba bila jina na waliomba vibaya, na Ramadhani inaingia wiki ijayo, anataka kukuombea tena kama mtu aliye hai. Nimemwambia asubiri. Nimeona nikuulize wewe kwanza kama unaniruhusu kulitaja.

Wasalimie kina mama wa kanisani, na umpapase yule ndama kwa niaba yangu. Mungu akulinde.

Mwanao,
Mutuku