Mkono wa Kitasa cha Hoteli Yako

Mpendwa dada,

Shikamoo. Leo nimebadilisha ule mkono wa kitasa pale hotelini kwako, Temeke. Nimechelewa miezi saba, najua.

Mkono huo ulianza kulegea mwaka uleule uliponiita kutoka Masasi nije kutafuta kazi. Wateja wa chai walikuwa wakiukandamiza mara mbili, mara tatu, ndipo mlango ufunguke. Ukacheka, ukasema, "Mlango huu una kiburi kuliko mwenye nyumba." Baadaye ukaacha kucheka. Ukaniambia, "Mdogo wangu, niangalizie kile kitasa." Nikasema kesho.

Kutwa nilikuwa natengeneza milango ya Wazungu kule Oysterbay. Msimamizi hakutaka kusikia hata bawaba ikilia. Nikirudi na baiskeli yangu nilitaka chai yako tu na ukuta wa kuegemea. Ukanimiminia, ukanitazama, hukuuliza tena. Kesho zikawa nyingi.

Siku ile ya mvua ulifunga mlango maji yasiingie. Mzee Saidi, mshona viatu wa barazani kwako, ndiye aliyenisimulia. Stovu ililipuka, moto ukashika pazia, nawe ukakimbilia mlango. Mkono wa kitasa ukazunguka bure. Alikusikia ukiita, "Nifungulieni! Haufunguki!" Akaupiga mlango kwa bega mpaka ukang'oka. Ulitoka hai, dada, lakini mikono yako ilikuwa imeungua hadi viwikoni.

Hospitali nilikaa kando ya kitanda chako. Wewe ndiye uliyeanza kusema. "Ulikuwa umechoka, mdogo wangu. Nilikuwa naona."

Afadhali ungenitukana.

Sasa kwa kuwa ulirudi Masasi kwa mama, mwenye nyumba amepata mpangaji mwingine, ndiyo maana akaniita. Nimekifungua kile kitasa. Kile chuma cha pembe nne kinachopita katikati na kushika mkono kilikuwa kimelika pembe zote, kimekuwa duara kama penseli. Nimeweka kipya, na mkono mpya, nikapaka grisi, nikakaza skrubu. Kazi yenyewe haikufika hata saa moja. Nilipomaliza nikakaa kizingitini.

Mzee Saidi akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi mwandikie mwenyewe. Mimi nimechoka kuwabebesha wasafiri wa Masasi salamu zako."

Ndiyo hii barua. Mama aliniletea habari kwamba bado huwezi kushika jembe, na kanga unafungwa na watu. Nimeomba ruhusa kazini. Msimamizi amekunja uso, lakini nimepata. Nitakuja Masasi kabla ya mvua, nikulimie shamba lote, na la mama pia. Usiniambie tena kwamba nilikuwa nimechoka. Ukiwa na neno lingine, dada, hata likiwa chungu, niwekee. Nitalisikiliza nikiwa nimesimama mbele yako.

Ni mimi, mdogo wako uliyempokea mjini.